Ufa wa Tanuri Letu: Historia Fupi ya Moto na Udongo Katika Nchi Yetu



Katika kijitabu hiki cha miaka kumi wenzangu wameandika juu ya hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia ya tanuri letu la mikate. Niliposema kwamba sehemu kubwa itahusu ufa, baadhi ya akina mama walicheka. Lakini kila aliyekuwepo mwaka wetu wa nne anakumbuka jinsi ufa ule ulivyotaka kutugawa vipande viwili, na hakuna aliyecheka siku zile.

Tena ufa ule si jambo la kikundi chetu peke yake. Nchi hii, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita, ni nchi ya moto na udongo tangu zamani. Kabla ya mikate kulikuwa na chuma, na hao waliochoma chuma nao walipambana na nyufa. Kwa hiyo naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Wazee wetu na tanuri la chuma

Watoto wetu wakisikia neno Geita wanafikiria dhahabu tu. Ni kweli, mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi hapo tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini kabla ya dhahabu kuwa na jina, mali ya upande ule ilikuwa chuma. Walikuwepo Warongo, mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Majembe yale yalisafiri mpaka Usukuma na Unyamwezi. Yalilimia, yalinunulia chakula, na yalilipiwa mahari. Binti wa zamani aliweza kuolewa kwa majembe kama leo anavyoolewa kwa ng'ombe.

Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alichunguza habari za Warongo na kuziandika katika kitabu alichohariri mwaka 1996. Anaeleza kwamba Warongo hawakuwa kabila kama tunavyodhani. Walikuwa umoja wa kazi. Watu wa asili mbalimbali waliingia, wakafundishwa siri za tanuri, wakafuata miiko na taratibu za umoja wao. Niliposoma habari hiyo nilisema moyoni, kumbe na wao walikuwa na kikundi!

Schmidt huyo huyo alifanya kazi na wazee wa Kihaya ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba. Katikati ya miaka ya 1970 aliwaomba wajenge tena tanuri la chuma kama walivyofanya walipokuwa vijana. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika matokeo katika jarida kubwa la sayansi la Marekani, na dunia ikashangaa kwamba tanuri la udongo la Waafrika lilipita nyuzi joto 1,200. Sasa sikilizeni siri moja ya tanuri lile: lilijengwa na kukandikwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa huchambua chembe laini za udongo na kuzigandisha, ndiyo maana kichuguu hukaa miaka na miaka juani na mvuani. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walijua udongo upi unavumilia moto.

Jambo la pili katika historia hiyo linatuhusu sisi wanawake. Kwa wafua chuma wengi wa nchi za maziwa makuu, tanuri lilihesabiwa kama mwanamke aliye na mimba, na chuma kilikuwa mtoto wake. Lakini mwanamke mwenyewe, hasa aliye katika siku zake, alipigwa marufuku kusogea hapo. Jamani, tanuri ni mwanamke, na mwanamke haruhusiwi kulitazama! Hata hivyo udongo ulikuwa wetu. Wafinyanzi wa vyungu katika vijiji vyetu ni akina mama. Bibi zetu walijua udongo unaopasuka na usiopasuka, na ujuzi huo ndio uliokuja kutuokoa, kama nitakavyoeleza.

Miti iliisha, tukaamka

Moto unataka kuni. Wachoma chuma walikata miti kwa ajili ya mkaa. Baadaye, wakati wa ukoloni, mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kufukuza mbung'o, kwa maana Shinyanga ilikuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o chini ya Bwana Swynnerton. Halafu kukaja mashamba ya pamba, mifugo mingi, na matumizi ya nyumbani. Miaka ya 1980 sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa uwanda mtupu, na mama alitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Tuliokuwa wasichana wakati huo tulipikia hata samadi na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, iliyofanya kazi mpaka 2004. Uzuri wa HASHI ni kwamba haikuleta jambo geni. Ilirudisha ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga sehemu ya malisho isiguswe mpaka kiangazi. Ngitili zilirudi kwa maelfu ya hekta, miti ikachipua, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Wakati huo huo watu walianza kuliangalia jiko lenyewe. Kule Kenya mwaka 1982 lilitoka jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, ambalo wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Majiko ya mwanzo yalisumbua sana, udongo ulipasuka na kudondoka kwa sababu mafundi walikuwa na haraka. Walipojifunza kuchagua udongo, kuukausha polepole na kuuchoma vizuri, jiko lilienea Afrika Mashariki nzima. Hapa kwetu shirika la TaTEDO, lililoanza mwaka 1990, lilifundisha majiko na matanuri yanayotumia kuni chache. Ndiyo habari iliyotufikia sisi na kututia hamu.

Tanuri letu

Wakongwe mnakumbuka. Mwaka wa tatu wa kikundi tulikuwa na fedha sandukuni na kila mtu alikuwa na wazo lake. Wengine walitaka mashine ya kusaga, wengine nguruwe. Ila wale waliokuwa wakipeleka maandazi kwa wachimbaji wadogo walisema, kule machimboni mkate hautoshi hata siku moja. Mtu anatoka shimoni usiku ana njaa, ananunua anachokiona. Tukakubaliana kujenga tanuri la kuni la matofali ya kuchoma, lenye kuba juu, mlango wa chuma na bomba la moshi.

Fundi alipatikana. Alikuja na sifa nyingi, nasi tukamwamini. Sitamtaja jina, maana hayupo hapa kujitetea na tulikwisha kupatana. Alituandikia kwenye karatasi ya daftari kwamba kazi ina waranti ya mwaka mmoja. Mwenyekiti alitia sahihi, yeye akatia sahihi, tukapiga makofi.

Tanuri liliisha wiki mbili kabla ya Krismasi. Fundi alisema tusubiri likauke, na hapo ndipo maneno yalipokuja kugongana baadaye. Yeye alishikilia kwamba alisema majuma matatu. Sisi wengi tulisikia siku tatu. Karatasi haikusema lolote. Oda za sikukuu zilikuwa zimejaa, unga ulikuwa umenunuliwa kwa mkopo, basi siku ya nne tukawasha moto, tena moto mkubwa.

Mikate ya Krismasi ilitoka mizuri ajabu. Mwezi wa pili tukaona mstari mwembamba kama unywele juu ya mlango. Mwezi wa nne mstari ulipanda mpaka katikati ya kuba, na moshi ukaanza kutoka hapo. Mwezi wa tano ukucha uliingia. Mikate ikawa inaungua upande mmoja na mibichi upande wa pili, na kuni zilizotosha siku mbili zikawa za siku moja.

Hapo wahenga wakatajwa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alikwenda kununua simenti, akaziba ufa wote akausawazisha ukapendeza. Siku tatu za moto, simenti ikadondoka vipande vipande ndani ya mikate, na ufa ukawa mpana kuliko mwanzo. Ndugu zangu, methali ile ni ya kweli, lakini ufa ukizibwa vibaya ukuta utaujenga vilevile.

Mabishano juu ya waranti

Kikundi kikagawanyika. Upande mmoja ukasema, waranti tunayo, fundi arudishe fedha au tumpeleke mahakamani. Upande wa pili ukasema, tuachane na tanuri, tugawane kilichobaki. Mikutano miwili iliisha kwa kelele. Wanachama watatu waliacha kuleta hisa. Maneno ya mtaani yalianza, eti viongozi walikula na fundi. Hapa ndipo kikundi kilipokaribia kufa.

Kijana mmoja wa mwanachama mwenzetu aliyekuwa akisomea sheria alitusaidia kuelewa tuliposimama. Nayaandika hapa kwa sababu yatawafaa wengi wanaonunua vitu.

Kwanza, hata bila karatasi, sheria haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni ya wakati wa Waingereza, inamlinda mtu aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi anayoitakia bidhaa, akautegemea ujuzi wake. Bidhaa hiyo yapasa ifae kwa kazi ile. Kadhalika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji. Na kazi ya kujengewa kitu kama tanuri ni mkataba, kwa hiyo Sheria ya Mikataba inahusika.

Pili, waranti si uchawi. Inasema nini, na haisemi nini? Yetu ilisema mwaka mmoja tu. Haikusema kama ufa mdogo unahesabika. Haikusema nani analeta matofali na nani analipa nauli. Haikusema tanuri likaushwe siku ngapi. Mwenye kudai lazima aonyeshe kosa ni la upande wa pili, na sisi tulikuwa tumewasha moto siku ya nne, kisha tukatia simenti kwa mikono yetu wenyewe.

Tatu, kesi ina gharama na muda, na mkate hausubiri. Kijana akatushauri twende kwanza Baraza la Kata. Mabaraza hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na kazi yake ya awali ni kusuluhisha na kuleta amani. Tulifikiri sana, mwisho tukamwita fundi kwanza kwa barua ya heshima. Akaja. Tukakaa chini ya mwembe, viongozi, fundi, na wazee wawili wa mtaa.

Kwa nini tanuri hupasuka

Siku hiyo ilikuwa darasa. Mama mmoja mzee wa kikundi chetu, mfinyanzi wa vyungu tangu usichana, ambaye katika mikutano huwa hasemi, aliinuka akaenda kulitazama tanuri. Alichukua mkaa akaweka alama kwenye ncha mbili za ufa. Akabandua kipande cha lipu, akakisugua kwa vidole, akakinusa. Akarudi akasema, "Baba, humu umetia simenti." Fundi akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba tabaka la ndani alichanganya simenti kidogo ili likauke haraka, maana sisi tulikuwa tukimharakisha. Yule mama akatugeukia sisi akasema, "Na ninyi mmemlisha mtoto ugali siku aliyozaliwa."

Maneno yale mawili yalimaliza kesi. Kila upande ulikuwa na kosa lake.

Kwa faida ya wasiokuwepo, naeleza tulichojifunza siku ile na baadaye.

Udongo mbichi una maji. Yakitolewa polepole, udongo hupungua taratibu na kukaa sawa. Moto mkubwa ukija ghafla, maji hugeuka mvuke ndani ya ukuta na kuusukuma. Ndiyo maana chungu kibichi kikiwekwa motoni hulia pwaa!

Simenti hushikamana kwa sababu ya maji iliyoyafunga ndani yake. Joto likipita nyuzi 400 hivi, maji hayo huanza kufukuzwa na simenti hubaki kama unga. Mahali pake ni nje, kwenye msingi, wala si pale ndimi za moto zinapolamba.

Mchanga mweupe nao una hila yake. Chembe zake za kwatzi zikifika nyuzi joto 573 huvimba kwa ghafla, na zikipoa hurudi. Moto wa kila siku unaopandishwa na kushushwa kwa pupa huchosha ukuta wenye mchanga mwingi.

Chuma na udongo havitanuki sawasawa. Fremu ya mlango wetu ilikuwa imebanwa kabisa na matofali. Ikipata moto inasukuma, na ufa wetu ulianzia pale pale pembeni ya fremu.

Mwisho kuna ardhi. Wanaojenga kwenye mbuga nyeusi wanajua, masika udongo unavimba, kiangazi unapasuka, na nyumba inapasuka nao. Sisi tulibahatika, tanuri letu liko kwenye luseni. Ufa unaoanzia chini kwenye msingi ni ugonjwa mwingine, na dawa yake si kuziba, ni kubomoa na kujenga msingi upya.

Jinsi tulivyolitengeneza

Tulipatana hivi. Fundi atafanya kazi bila malipo, kikundi kitaleta vifaa. Vijana walichimba udongo wa kichuguu. Akina mama walikusanya vyungu vilivyovunjika, wakavitwanga na kuchekecha. Hiyo ndiyo siri ya wafinyanzi: vigae vilivyokwisha kuchomwa haviwezi kusinyaa tena, kwa hiyo vikichanganywa na udongo mbichi vinazuia usinyae kupita kiasi. Mchanganyiko ulifinyangwa na kulazwa siku kadhaa chini ya magunia mabichi.

Fundi alibandua simenti yote. Aliupanua ufa kwa tindo, kwa ndani upana uwe mkubwa kuliko nje, ili kiraka kishike kisidondoke. Akafagia vumbi, akalowesha kingo kwa maji, akashindilia udongo kwa tabaka mpaka ukajaa. Kuzunguka fremu ya chuma aliacha nafasi ya kidole kimoja, akaijaza majivu, ili chuma kipate pa kutanukia. Nyufa za unywele aliziacha. Yule mama alisema hizo ni pumzi ya tanuri, zinafunguka likipata moto na kufunga likipoa. Zikivuka alama ya mkaa ndipo tushtuke.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote: kusubiri. Majuma matatu bila mkate mmoja. Tulipanga zamu ya kulinda mtu asiwashe. Juma la nne tukawasha moto wa vijiti, siku ya kwanza saa moja tu, ya pili saa mbili, tukiongeza kidogo kidogo mpaka siku ya saba. Mkate wa kwanza tulimpa yule mama. Wa pili tulimpa fundi.

Wanachama watatu waliokuwa wameacha walirudi, mmoja baada ya mwingine. Kiraka kile kipo mpaka leo, rangi yake ni nyekundu zaidi kuliko kuta, na wageni huuliza ni pambo gani.

Tunapotazama mbele

Baada ya hapo tulibadili katiba ya kikundi. Kazi yoyote ya ujenzi inaandikwa mkataba wenye vifaa, muda, siku za kukauka, kinachofunikwa na waranti na kisichofunikwa, na husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote kabla ya sahihi. Nusu ya malipo ya fundi hubaki mpaka miezi mitatu ya matumizi ipite. Na kila mwezi sehemu ya mauzo ya mikate inawekwa kando kwa matengenezo, kwa maana kitu kinachokaa motoni lazima kitachoka.

Najua pia kwamba tanuri la kuni halitadumu milele. Mwezi wa tano mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku yetu itafika. Tuliookota samadi kupikia tunajua thamani ya mti, hatuwezi kuwa wa kwanza kulalamika. Tuanze mapema kuweka akiba ya tanuri la gesi au umeme, tusije tukakurupuka kama Krismasi ile. Na hata hilo jipya litakuja na waranti, nasi safari hii tutaisoma.

Wazee wa Kirongo waliwaweka wanawake mbali na tanuri. Leo tanuri ni letu, na deni lake tulikwisha kulilipa. Lilipougua aliyelitibu alikuwa bibi mfinyanzi asiyejua kusoma karatasi ya waranti, lakini alijua kusoma udongo. Naomba mwaka huu wasichana watano wa kikundi wakae naye awafundishe, kabla ujuzi huo haujaondoka.

Kwa wanachama wote nawatakia miaka kumi mingine ya umoja. Karibuni mkate.